Mtu wa Bendeji: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako umenifurahisha na umenitia mawazo. Umeniomba upishi wa Mtu wa Bendeji, ile makaroni ya oveni yenye macho tuliyokuwa tukila nyumbani kila tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween, Wamarekani wanapopamba nyumba kwa vitu vya kutisha. Hapo hapo umeniambia kwamba mjukuu wangu, mume wangu mdogo, hulia mkipita mbele ya nyumba za majirani, kwa sababu ya mifupa ya plastiki iliyoning'inizwa vibarazani, nawe una wasiwasi kwamba chakula hiki kitamzidishia hofu. Nitajibu yote kwa pamoja, maana kwangu ni jambo moja.

Mtoto wa miaka minne akiona fuvu mlangoni kwa mtu, hajui limetoka wapi, hajui kama litamfuata hadi kitandani, wala hana la kulifanya. Hapo ndipo hofu inapomshika. Mpe sahani yenye jibini na zeituni, mwache ayaunde macho mwenyewe kwa vidole vyake, ayapange, ayavuruge, ale moja, kisha akuonyeshe pa kuyaweka. Kiumbe atakayetokea hapo ni wake, na yeye ndiye bwana wake. Wewe mwenyewe ulikuwa mwoga kuliko kaka zako wote, ulikuwa ukinishika kanga tukipita mtaa wa pili, lakini Mtu wa Bendeji ulimkata kichwa kwa kijiko na kuomba uongezewe.

Mimi nilikulia Bagamoyo, na hofu tuliyopewa utotoni ilikuwa ya namna nyingine. Tuliambiwa habari za mumiani, wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu, na jua likishazama hakuna mtoto aliyethubutu kubaki nje. Pwani nzima habari hizo zilijulikana, na watu wazima walizisadiki tangu enzi za wakoloni. Nililala nimejifunika shuka hadi utosini, joto lote lile. Hakuna aliyenikabidhi mumiani wangu nimtie macho, nimpake sosi, nimle. Ndiyo maana nilipofika Marekani na kuona watoto wanavaa vya kutisha wakicheka, nilisimama dirishani nikatazama kwa muda mrefu.

Kuhusu akina mama wa jumuiya yenu wanaosema Halloween ni ya shetani, usibishane nao. Wana sababu ya kuwa waangalifu, na moyo wa mtu ukikataa chakula usimlazimishe. Lakini nawe ujue unachokifanya. Usiku huo ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Kanisa la magharibi limeiadhimisha tarehe 1 Novemba tangu karne ya 9, na kesho yake tunawaombea Marehemu Wote. Kule nyumbani siku hiyo tulikwenda makaburini, tukang'oa magugu, tukawasha mishumaa, na padre akabariki makaburi. Huko Ayalandi watu walikuwa na sherehe yao ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi hata kabla ya Ukristo, na mambo haya mawili yakakutana katika siku hizo hizo. Walichonga tanipu, mizizi migumu ya duara, wakatia moto ndani. Njaa ya viazi ilipowakumba kuanzia 1845, wengi wakahamia Marekani, na huku wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchongwa.

Na walikula, mwanangu. Mkesha ule ulikuwa siku ya kujinyima nyama, basi Waayalandi walipika viazi vilivyopondwa na kabichi na siagi, na mkate wa zabibu uliofichwa pete ndani. Aliyeikuta pete aliambiwa ataoa au kuolewa karibuni. Chakula cha nyumbani usiku huo kina umri mkubwa kuliko peremende zote za madukani. Napenda sana kujua hivyo ninapowasha oveni.

Sisi hapa Des Moines, katika jimbo la Iowa, tulipata bahati ya pekee. Unakumbuka kwamba watoto wa hapa walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba tarehe 30, wanauita Usiku wa Ombaomba, na kila mtoto sharti atoe kichekesho kabla ya kupewa peremende. Mji uliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa sababu vijana walikuwa wakiharibu mali za watu usiku wa Halloween. Basi tarehe 31 ilibaki tupu, hakuna anayebisha hodi, na mimi nikaifanya yetu. Huko Illinois unakoishi mlango utagongwa jioni hiyo hiyo, kwa hiyo mlishe mtoto kabla hajatoka. Akiwa ameshiba makaroni hatazivamia zile peremende, na baridi haitampata vibaya.

Sasa tuingie jikoni. Bakuli la oveni liwe lile la sentimita 23 kwa 33. Chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu saumu, karoti mbili ulizokwangua, na kopo kubwa la nyanya, lile la gramu 800. Kaanga nyama kwanza, peke yake, sufuria ikiwa na moto wa kutosha, uiache ikauke maji na ishike rangi. Usiikoroge koroge. Watu wengi hutia kila kitu kwa pamoja, nyama ikachemka badala ya kukaangika, kisha wanashangaa sosi haina ladha. Ikishakuwa ya kahawia ndipo utie vitunguu, karoti, saumu, chumvi, pilipili manga, na mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai. Wagiriki nao hutia mdalasini katika makaroni yao ya oveni, na ulimi wa mtu wa Pwani unaupokea mara moja. Mimina nyanya, punguza moto, acha ichemke polepole nusu saa au zaidi, hadi iwe nzito. Sosi ya majimaji italimwaga jitu lako lote sahanini.

Sosi hiyo mimi siiti damu. Wengine huiita hivyo siku ya Halloween, na wakubwa hucheka, lakini kwa mtoto anayelia akiona mifupa, neno hilo mezani halina kazi. Iite nyanya.

Sosi nyeupe ndiyo inayofanya kazi kubwa. Yeyusha siagi vijiko vinne vya mezani, tia unga wa ngano vijiko vinne, koroga kwa dakika mbili bila kuuacha ubadilike rangi, kisha mimina vikombe vitatu na nusu vya maziwa ya uvuguvugu, kidogo kidogo, mwiko usisimame, yasifanyike mabuje. Chumvi, na kungumanga uikune papo hapo. Ikishakuwa nzito, gawa mara mbili. Nusu moja changanya na kikombe kimoja cha boga lililopondwa, ipate rangi ya chungwa. Uko Illinois, mwanangu, jimbo linaloongoza nchi nzima kwa maboga ya kopo, kwa hiyo nunua kopo bila kuona haya, ila lisiwe lile lililokwisha tiwa sukari na viungo vya keki. Lile boga kubwa mlilolichonga mlangoni usilipike. Nyama yake ina maji na nyuzi, halina utamu.

Makaroni nusu kilo, za matundu, zitoe kwenye maji dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, maana zitaendelea kuiva ndani ya oveni zikinywa sosi. Zichanganye na sosi ya boga pamoja na konzi mbili za jibini lililokwanguliwa, zitandaze bakulini, juu yake mimina nyama. Hapo chakula kimekamilika. Ukiishia hapo na kukioka, bado ni mlo wa heshima, na wale mama wa jumuiya wataula bila kujua chochote. Nakuambia hili kwa sababu nimeona vyakula vingi vya Halloween vilivyopambwa vizuri na kupikwa ovyo, na mtoto hawezi kushiba mapambo.

Bendeji ni lasanya, zile tambi pana bapa. Chemsha sita au saba, zipakaze mafuta kidogo zisigandane, zikate kwa urefu, upana wa vidole viwili. Hapa ndipo mwite mume wangu mdogo. Bakuli bado halijaingia motoni, hakuna kinachomuunguza, basi mwache afunge bendeji mwenyewe juu ya nyama. Usimsahihishe. Zikipishana ovyo ndipo zinapopendeza, maana hata kwa wale maiti wa kale wa Misri tunaowaona kwenye picha, bendeji hupishana. Mwonyeshe tu aache pengo karibu na upande mmoja, nyama ionekane, hapo ndipo uso. Kisha wewe chukua ile nusu ya sosi nyeupe iliyobaki uipake juu ya bendeji zote kwa mgongo wa kijiko, zifunikwe hadi pembeni. Lasanya isiyopakwa hukauka na kuwa ngumu kama kucha, na hakuna sosi itakayoirudisha.

Oveni iwe nyuzi 375 za Fahrenheit, sawa na 190 za Selsiasi. Funika kwa foili, oka dakika 25, funua, ongeza dakika 10 au 15 hadi kingo zichemke. Usinyunyize jibini juu ya bendeji, litaziba mistari yote na jitu litageuka kuwa makaroni ya kawaida.

Wakati huo nyie mko mezani mnatengeneza macho. Nunua mozarela ndogo za duara na zeituni nyeusi zisizo na kokwa. Mozarela uzikate katikati, na hili nakusihi ulishike: kitu cha duara kizima cha ukubwa ule ni hatari kooni kwa mtoto wa umri wake, na zabibu ni vivyo hivyo. Mtoto abandike kipande cha zeituni katikati ya kila nusu. Bakuli likitoka motoni, subiri dakika tano, kisha yeye aonyeshe kwa kidole na wewe uweke. Ukiyaweka kabla ya kuoka, mozarela itayeyuka na macho yatatoweka. Wewe ulikuwa ukitaka macho matatu daima. Akitaka saba, weka saba.

Ngojea dakika kumi zaidi kabla ya kukata, kishikamane.

Ukitaka jambo la kuwafurahisha mkiwa mnakula, tegeni vitendawili. Desturi ya Des Moines ya kutaka mtoto aseme kitu kabla ya kupokea ilinigusa tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu ndivyo bibi yako alivyokuwa akitufanyia jioni: usipotegua, utoe mji. Mwanzie na "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa kusema yai, akupe mji, nawe umsimulie huko ulikokwenda. Lugha yake ya nyumbani atakuwa ameitumia jioni nzima bila kusukumwa.

Najua unatoka kazini saa kumi na moja. Panga kila kitu usiku wa tarehe 30, bendeji na sosi yake ya juu, funika, weka kwenye friji, na kesho yake uongeze dakika 15 au 20 za kuoka chini ya foili. Lakini lile bakuli nililokuachia ni la kioo, na kioo kikitoka kwenye baridi ya friji na kuingia moja kwa moja katika oveni iliyopamba moto hupasuka. Lichomoe mara tu ufikapo nyumbani, likae juu ya meza hadi lipoteze ubaridi, ndipo uliingize. Kama huna nafasi ya kungoja, tumia trei ya bati ya dukani tangu mwanzo.

Nitumieni picha kabla hamjamkata. Na umwambie mume wangu nataka kujua macho yalikuwa mangapi.

Mama yako