Bei Wameitaja Wao Kwanza

Ndugu yangu Zuhura,

Salamu nyingi, pamoja na za Mama Rehema, ambaye kila nikizungumza naye huniuliza kama tumegombana. Nimemhakikishia kwamba hatujagombana, ila kazi zimetuzidi. Sijui kama ameniamini. Natumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjambo. Mimi ni mzima, na nakuandikia kwa haraka kwa sababu kuna jambo ambalo nisingependa kulikatia shauri kabla sijasikia maoni yako, na jibu langu linangojewa Ijumaa.

Kituo kimoja cha utafiti kinataka niwe mhariri wa Kiingereza wa makala za watafiti wake kabla hazijapelekwa kwenye majarida. Kituo kiko nchi moja, mimi naishi nchi nyingine, na pasipoti yangu ni ya nchi ya tatu. Bei wameitaja wao kwanza, jambo lililonifurahisha mpaka nilipotazama kipimo chake, kwani wanalipa kwa ukurasa. Wewe unajua kwamba katika kazi yetu ukurasa huhesabiwa kuwa maneno 250, lakini sampuli waliyoniletea imebanwa, herufi zake ni ndogo, mistari haina nafasi, na ukurasa mmoja una maneno zaidi ya 600. Ile bei niliyoiona nzuri ikashuka kwa zaidi ya nusu papo hapo. Sidhani kama walikusudia hila; pengine hakuna mhariri aliyewahi kuwauliza. Nitawaomba tuhesabu kwa neno.

Hata hivyo, kuhesabu kwa neno hakunitoi kwenye tatizo, na hapa ndipo ninapokwama. Katika aya ya pili ya sampuli ile kuna sentensi ya mistari saba ambayo niliifuata hadi kwenye nukta bila kukutana na kitenzi kikuu. Chini yake jedwali linasema washiriki walikuwa 84, ilhali maelezo yanasema 48. Mtafiti mmoja ametajwa ndani ya makala kwa mwaka 2014 na katika orodha ya marejeo kwa mwaka 2015, na orodha yenyewe bado inataja miji ya wachapishaji, jambo ambalo mtindo wa APA, ule wa marejeo wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, uliliacha katika toleo lake la 7 la mwaka 2019. Yote hayo wao wanayaita kurekebisha sarufi. Mswada safi naweza kuupitia kwa mwendo wa maneno 1,200 kwa saa. Mswada kama huu ukinipa maneno 400 nitashukuru. Ikiwa bei ya neno ni moja, basi saa yangu juu ya mswada mbovu italipwa theluthi ya saa yangu juu ya mswada safi, na naamini unakisia ni miswada ya aina gani itakayoletwa kwangu.

Kwa hiyo nafikiria kuwaambia kwamba sitataja bei yoyote kabla ya kuuona mswada wenyewe, na kwamba kuhariri lugha kuna bei yake, kupanga upya hoja kuna yake, na marejeo yana yake. Makala ikirudi na maoni ya wataalamu wanaoikagua kwa niaba ya jarida, hiyo nayo ihesabiwe kuwa kazi mpya. Nikiyasoma maneno hayo asubuhi nayaona ya haki kabisa. Nikiyasoma usiku naona kama namdai mgonjwa ada kwa kila kidonge. Labda ningewapa bei mbili tu, ya mswada safi na ya mswada mzito, lakini nani ataamua upi ni mzito?

Kuna jambo jingine ambalo nilitaka kulipuuza na nimeshindwa. Wameandika, kwa adabu nyingi, kwamba kiwango chao kimezingatia kuwa Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Waandishi wa makala hizo nao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wala sijasikia kwamba mishahara yao imepunguzwa kwa sababu hiyo. Nimetazama viwango vinavyopendekezwa na CIEP, chama cha wahariri cha Uingereza, na vile vya chama cha wahariri wa kujitegemea cha Marekani. Vimepangwa kwa aina ya kazi, na sikuona safu ya mahali alipozaliwa mhariri. Sitaki kubishana nao juu ya kuzaliwa kwangu. Nataka wanipe kurasa chache nizihariri kwa malipo, kisha wazihukumu kurasa hizo. Shemeji yako anashauri niwaeleze jinsi maisha yalivyo ghali huku, nami nakataa, kwa sababu kodi ya nyumba yangu haiwahusu. Nikiileta mimi leo kama sababu ya kupandisha bei, kesho wataileta wao kama sababu ya kuishusha.

Halafu kuna fedha itakayofika mkononi. Wanaweza kukata kodi ya zuio kabla ya kulipa, na hata kama nchi hizi mbili zina mkataba wa kuepusha kutoza kodi mara mbili, huenda nikatakiwa kuleta cheti cha ukaazi wa kikodi, yaani cha kuthibitisha kwamba kwa mambo ya kodi mimi ni mkaazi wa huku. Benki yao itakata, benki itakayozipitisha fedha katikati itakata, na yangu pia, kwa hiyo nitaomba iandikwe kwamba gharama za kutuma ni zao na kwamba ankara italipwa ndani ya siku 30. Kibali changu cha kuishi huku kimefungwa kwa mwajiri wangu wa sasa, na nimeshawaandikia watu wa uhamiaji kuuliza kama naruhusiwa kupokea kazi ya nje. Bila jibu lao sitatia sahihi, hata bei iwe nzuri namna gani.

Sasa nisaidie. Wewe unatoza kwa neno au kwa saa, na mteja akikataa kukuonyesha mswada mapema unafanyaje? Wamewahi kukuambia hayo ya lugha ya kwanza, na ulijibu au ulinyamaza? Yule mteja wako wa zamani, aliyekuwa akituma makala usiku na kuitaka asubuhi, ulimwongezea asilimia ngapi? Nikitaja bei yangu, nianze juu nikijua watapunguza, au nitaje ile ile ninayoitaka na kusimama hapo? Na rasimu ya jibu langu nikikutumia kesho, utapata nafasi ya kuisoma kabla ya Ijumaa? Ukiona nimekuwa mpole mno, ongeza ukali mwenyewe.

Wako,
Mwanaidi