Nyumba za sanaa za Ayalandi zisitupe ubao wa nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie nyumba ndogo za sanaa za Ayalandi zinazoendeshwa na familia, zile zinazouza picha, vitu vya kale na kazi za mikono chini ya paa moja. Zinavutia, ila humo ndimo mnunuzi anamopotea: kikombe kipya kimewekwa rafu moja na cha miaka mia, na kibandiko kinataja bei tu.

Kauri ya kiwanda cha Belleek, kilichoko Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini, haina shida. Pindua chombo utafute mbwa, mnara na kinubi. Alama nyeusi isiyo na jina la nchi ni ya 1863 hadi 1890. Jina "Ireland" liliingia 1891, kwa kuwa sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa ioneshe ilikotoka. Alama ya kijani yenye jina la nchi ni ya 1946 au baadaye, hata muuzaji aseme nini.

Vyombo vya fedha vya Dublin vinataka jicho kali zaidi. Kinubi chenye taji huthibitisha fedha halisi ya 925 kwa 1000. Alama ya Hibernia, mwanamke aliyeketi, iliongezwa 1730 kuonyesha kodi imelipwa. Wajanja hukata alama halisi kwenye kijiko kibovu na kuilehemu chini ya birika. Pumulia kando ya alama: mvuke ukitanda, mstari wa lehemu hujitokeza. Alama ikiwa kali huku nakshi zote zimelika, usinunue.

Kinachoniuma hasa ni picha. Mchoro wa mafuta ukiletwa na fremu iliyochakaa, fundi huweka mpya na kutupa ubao wa nyuma, pamoja na vibandiko vya maonyesho, namba za mnada na mwandiko wa mchoraji. Kwa kazi inayodaiwa kuwa ya wachoraji wa Ayalandi kama Paul Henry au Jack B. Yeats, huo ndio ushahidi wa ilikopitia, na ukishatupwa haurudi. Kibandiko kipigwe picha kikiwa mahali pake, kisha kihifadhiwe kwenye bahasha isiyo na asidi nyuma ya fremu mpya. Pini za stepla pekee nyuma ya picha zisikutishe kwamba si ya kale, maana turubai la zamani huweza kuwambwa upya. Vitone vilivyojipanga chini ya kioo cha kukuzia ndivyo vya kuogopa: hiyo ni chapa, si mchoro.

Kwa sweta za sufu za visiwa vya Aran, uliza kama imefumwa kwa sindano au kwa mashine; zote zaweza kuwa nzuri, lakini kazi yake si sawa. Hadithi kwamba kila ukoo una mshono wake wa kale ni ya kibiashara, haifai kuongeza bei.

Risiti basi itaje kitu chenyewe, umri unaodaiwa, na kila sehemu iliyokarabatiwa. Asiyekubali kuandika umri asiutamke dukani.

Msomaji wako