Shukrani kwa mama wa Bagamoyo

Mama, jina lako sikuliuliza. Ulikuwa ukifagia ukumbi pale TaSUBa, Bagamoyo (wazee bado wanapaita Chuo cha Sanaa), nami nikijaribu peke yangu uhusika wa mjane. Nilikuwa nalia kwa makelele, mikono kichwani. Ukaweka ufagio chini ukaniuliza, "Mwanangu, kwenu msibani wanalia hivyo?"

Kwetu ni Pangani. Bibi aliyenilea, siku aliyofiwa na babu, alikaa mkekani akakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Hakutoa sauti. Nikakuonyesha. Ukasema, "Basi muigize huyo."

Leo naongoza michezo ya jukwaani, na swali lako nawauliza waigizaji wangu kabla sijawapangia hata pa kusimama. Wengi wamezoea kuambiwa waache lafudhi na mwendo wa kwao. Wanapovirudisha, hata mimi niliyeshika mswada nasahau kwamba ni maigizo.

Walimu wangu nimewashukuru mara nyingi hadharani. Wewe bado, na deni hilo limenikaa moyoni. Ahsante sana, mama yangu. Mungu akupe afya na umri mrefu.