Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ziara ya Ludlow na Mashamba Yanayouzunguka

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika katika Mkutano Mkuu huu,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na habari za madarasa ya Kiswahili ya watoto zitasomwa na katibu, kwa hiyo sitazigusa. Kwa idhini ya kamati, nafasi yangu yote nitaitumia kueleza ziara yetu ya siku mbili katika mji wa Ludlow, kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, kwa sababu ndiyo iliyogharimu kuliko shughuli nyingine zote, ndiyo iliyoulizwa maswali mengi kabla haijafanyika, na ndiyo iliyozaa pendekezo mtakalopigia kura alasiri hii.

Nianze na swali lililoulizwa zaidi: kwa nini Ludlow, wakati wengine walitaka London na wengine walitaka ufukweni? Wengi wetu tumeishi Birmingham miaka mingi, na Uingereza tunayoijua ni ile ya barabara kuu, maghala, wodi za hospitali na zamu za usiku. Watoto wetu hufundishwa shuleni habari za wafalme na ngome, kisha hurudi nyumbani kwa wazazi ambao hawajapata nafasi ya kuona hata kimoja kati ya vitu hivyo. Tulitafuta mji ambao mzee anaweza kuuzunguka kwa miguu bila kuharakishwa, unaofikika kwa treni, na ambao mtu akisimama sokoni huyaona malisho ya kondoo mwisho wa barabara. Ludlow unazo sifa zote tatu. Tulipanda treni Birmingham, tukabadilisha Shrewsbury, na kutoka hapo ni kama nusu saa tu, reli ikipita katikati ya vilima vya Church Stretton.

Ludlow ni mji wa gulio kwa maana ileile tuliyokua nayo. Wauzaji hupanga meza zao katika uwanja ulio mbele ya lango la ngome siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, nasi tulifika Jumamosi asubuhi, meza zikiwa zimejaa jibini, mikate, miche ya maua na nyama za mashamba ya jirani. Ningependa wanachama ambao hawakwenda waelewe jinsi gulio lile lilivyoujenga mji wenyewe. Zamani eneo la soko lilikuwa pana, likianzia ngomeni hadi mahali panapoitwa Bull Ring, na wafanyabiashara waliweka humo vibanda vya muda. Vibanda vikawekwa kuta, kuta zikawekwa ghorofa, na miaka ilivyopita vikageuka kuwa safu za nyumba zilizobanana, zikiacha vichochoro vyembamba katikati ambavyo hadi leo watu hupishana kwa kupeana mabega. Mzee mmoja wa kamati yetu, aliyewahi kuwa na kibanda Kariakoo, alisimama muda mrefu akivitazama vichochoro vile, kisha akawaeleza vijana, mtaa kwa mtaa, namna kibanda kinavyogeuka nyumba. Kwangu mimi maelezo yake yalikuwa bora kuliko ubao wowote wa historia tuliousoma siku ile.

Juu ya Broad Street lipo jengo la mawe la Buttercross, lililojengwa miaka ya 1740, ambalo chini yake paliuzwa siagi. Ukishuka barabara ile, nyumba za matofali na za mbao zikiwa zimepangana pande zote mbili, unafika Broadgate, lango pekee lililosalia kati ya malango saba ya ukuta wa zamani. Si kila kitu kilihifadhiwa. Jengo kubwa la matofali mekundu la mwishoni mwa karne ya 19, lililosimama uwanjani kama ukumbi wa soko, lilibomolewa mwaka 1986, na tangu hapo gulio limebaki chini ya anga. Binafsi naona gulio halikupoteza kitu kwa hilo.

Kuhusu ngome nitasema kwa ufupi, kwa kuwa picha mmeziona. Ilianza kujengwa na ukoo wa de Lacy mwishoni mwa karne ya 11, baada ya Wanormani kuiteka nchi, ili kuulinda mpaka wa Wales. Ndani yake mna kanisa dogo la mviringo la karne ya 12, na vijana wetu walilipenda kuliko minara. Katika ngome hiyo ndipo alipofariki mwanamfalme Arthur, mrithi wa mfalme Henry VII, tarehe 2 Aprili 1502, akiwa na umri wa miaka 15, miezi michache tu baada ya kumwoa Catherine wa Aragon. Mjane huyo baadaye aliolewa na mdogo wa marehemu, Henry VIII, na kuvunjika kwa ndoa hiyo ndiko kulikoitenga Uingereza na kanisa la Roma. Baraza lililotawala Wales na nchi za mpakani lilikaa katika ngome hiyo hadi lilipofutwa mwaka 1689, kisha majengo yakaachwa bila matunzo, mapaa yakaanguka, na yakawa magofu tunayoyaona leo.

Mahali ninapoomba tukae kidogo ni kanisa la St Laurence. Najua baadhi ya ndugu zetu Waislamu walisita mlangoni, na nawashukuru kwa kuingia, kwa sababu tulichokikuta ndani kilituhusu sote. Kanisa hilo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 15, kwa fedha zilizotokana na sufu na kwa msaada wa chama kilichoitwa Palmers' Guild. Jina hilo linatokana na mahujaji waliorudi kutoka Yerusalemu wakiwa wamebeba matawi ya mitende, na kioo cha rangi cha karne hiyohiyo kinawaonyesha wakiwa safarini. Lakini wanachama wake hawakuwa mahujaji tu. Walikuwa wafanyabiashara, mafundi na wake zao, waliokuwa wakilipa michango, na baadaye chama kilipata wanachama hata katika miji ya mbali.

Kanuni zao za mwaka 1284 zilisema kwamba mwanachama aliyefilisika kwa kuibiwa, kwa moto au kwa kuzama kwa chombo chake, asaidiwe na mfuko. Mgonjwa alisaidiwa, aliyefungwa bila hatia alisaidiwa, binti asiye na uwezo alichangiwa aweze kuolewa, na mwanachama alipofariki wenzake walipaswa kuhudhuria mazishi yake. Tulipoelezwa hayo, mama mmoja aliyekuwa kando yangu alisema, "Kumbe na hawa walikuwa na kufa na kuzikana." Hakuna aliyeongeza neno kwa muda, maana kila mmoja wetu aliwakumbuka marehemu tuliowasafirisha kwa michango ya chama hiki. Chama chao kilidumu karibu miaka 300. Kilipovunjwa mwaka 1551, mali zake zilikabidhiwa baraza la mji mwaka uliofuata, kwa sharti kwamba shule na nyumba za wazee maskini ziendelee kutunzwa, na nyumba za wazee bado zipo kando ya kanisa, ingawa jengo la sasa ni la mwaka 1758.

Katika kanisa hilohilo mna viti 28 vya waimbaji vyenye vibao vya kukunja, na chini ya vibao hivyo mafundi walichonga picha za maisha ya kila siku. Kimojawapo kinamwonyesha mama muuza pombe aliyekuwa akipunja kipimo, akibebwa na shetani kupelekwa motoni, kikombe chake kikiwa bado mkononi. Katika mji unaoishi kwa gulio, kupunja halikuwa kosa dogo.

Siku ya pili tulitoka nje ya mji, na hapa ndipo ninapotaka kueleza msimamo wangu waziwazi: anayeitazama Ludlow bila kuyatembelea mashamba yake ameona nusu ya mji. Nyumba zote zile nzuri zilijengwa na migongo ya kondoo. Karibu na mji mdogo wa Craven Arms, umbali wa maili saba hivi kutoka Ludlow, lipo jengo la Stokesay, ambalo linaitwa ngome lakini kwa hakika ni nyumba ya tajiri iliyowekewa ulinzi. Aliyelijenga ni Laurence wa Ludlow, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa sufu nchini katika zama zake. Alilinunua shamba hilo mwaka 1281, na mwaka 1291 mfalme Edward I akampa kibali cha kuiwekea nyumba yake ngome. Ukumbi wake mkubwa, paa lake la magogo na madirisha yake marefu vimebaki karibu kama alivyoviacha, kwa kuwa waliomfuata hawakuvijenga upya. Mwaka 1294 Laurence alisafiri na shehena ya sufu kuelekea ng'ambo, chombo kikazama karibu na pwani ya mashariki, naye akafa maji. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amehusika katika mpango wa kodi nzito juu ya sufu, na mtawa mmoja aliyeandika matukio ya wakati ule alisema kwamba amezama pamoja na sufu kwa sababu aliwakosea wauzaji wa sufu. Wazee wetu wa pwani, ambao wanajua chombo kikizama huzama na nani, walimwombea.

Wazee haohao walikuwa na jambo jingine la kutufundisha. Mashariki ya reli, kuanzia Craven Arms, unaenea ukingo mrefu wa mawe ya chokaa unaoitwa Wenlock Edge, na mawe hayo kwa sehemu kubwa ni matumbawe ya bahari ya kina kifupi iliyofunika nchi hii zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wakati ardhi hiyo ilipokuwa bado kusini ya ikweta. Waliokulia Lamu na Unguja, katika nyumba zilizojengwa kwa matumbawe, waliyagusa mawe yale na kuyatambua kabla hawajaambiwa.

Sasa nizungumzie njia za miguu, kwa sababu ndizo zilizoleta hofu kubwa. Tulipofika kwenye ngazi fupi za mbao za kuvukia ua wa shamba, wenzetu kadhaa walikataa kupita, wakisema kwamba hili ni shamba la mtu na sisi tutaonekana wezi. Naielewa hofu hiyo, na sikuipuuza. Lakini sheria ya nchi hii inazitambua njia maalumu za umma zinazopita hata ndani ya mashamba ya watu binafsi, nazo zimechorwa katika ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, na kuwekewa mishale ya manjano kwenye nguzo. Haki hiyo haimuulizi mtu ametoka wapi. Wajibu unaoambatana nayo ni kubaki kwenye njia, kuliacha geti kama ulivyolikuta, kumfunga mbwa kamba penye kondoo, na kuondoka na taka zako. Tulipita. Mkulima tuliyekutana naye alitusalimu na kutuonyesha sehemu yenye tope ya kukwepa, na tangu hapo watoto ndio waliokuwa wakitutangulia kuitafuta mishale.

Ni lazima pia nikiri kasoro. Basi tulilokodi kwa ajili ya wazee siku ya Jumapili lilichelewa karibu saa mbili, na wazee wetu saba walisubiri kwenye baridi bila mahali pa kukaa. Nilikuwa sijaandaa mpango mbadala, na nilikuwa sijaangalia kwamba treni za Jumapili ni chache. Kosa la kutojiandaa ni langu kama mwenyekiti, nami nawaomba radhi wazee hao mbele ya mkutano huu. Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa ziara yoyote yenye wazee itakuwa na magari ya wanachama yanayosubiri tayari, na kwamba siku ya kutoka nje ya mji haitakuwa Jumapili.

Kwa upande wa chakula, pilau na chapati za akina mama zilitosha hadi jioni, tukala kwenye majani ya ukingo wa mto Teme, ngome ikiwa juu yetu. Baada ya sala ya adhuhuri tulivuka daraja la Dinham na kupanda Whitcliffe, ambako mji wote huonekana kwa pamoja: mnara wa kanisa, mapaa, kuta, kisha malisho yanayopanda hadi vilima vya Clee.

Kutokana na ziara hiyo kamati inaleta mbele yenu mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba mfuko wetu wa kufa na kuzikana, ambao hadi sasa huguswa kwa msiba peke yake, upanuliwe umsaidie pia mwanachama aliyeunguliwa nyumba, aliyeibiwa zana za kazi, au aliyelazwa hospitali zaidi ya wiki mbili, na kwamba mchango wa mwezi uongezwe kwa kiasi ambacho mweka hazina atakieleza. La pili ni kwamba turudi Ludlow mwezi Septemba, safari hii Ijumaa na Jumamosi, kwa ajili ya familia ambazo hazikupata nafasi. Fomu za safari ziko mezani kwa katibu, na wenye magari wanaombwa waandike idadi ya viti walivyonavyo kabla ya kuondoka ukumbini.