Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kukesha kwenye Lundo Moja

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliazimia tupunguze safari za kutafuta mbawakawa wa kinyesi na tukae zaidi mahali pamoja. Wapo waliopinga, na mimi mwenyewe nilisita. Leo nakiri kwamba azimio lile lilikuwa sahihi. Tulipoacha kukimbizana na orodha ya spishi, tukaketi mbele ya lundo moja la kinyesi tangu likiwa bichi hadi likaisha, ndipo tulipoanza kuwaelewa wadudu hawa. Maisha yao yote ni mbio za kuwahi.

Mnaikumbuka hesabu ya Tsavo, Kenya, iliyochapishwa mwaka 1974: mbawakawa wapatao 16,000 walilivamia lundo la kinyesi cha tembo lenye kilo 1.5, na kwa saa 2 likawa limekwisha. Chakula cha namna hiyo hakina mwenyewe, hakijulikani kitaanguka wapi, na hukauka upesi. Tabia nyingi tulizoziandika daftarini zinaanzia hapo.

Mbawakawa wachimbaji hushusha fungu lao kwenye mashimo yaliyo chini ya lundo lenyewe. Wakijaa, udongo wa kuchimba huweza kuisha kabla ya kinyesi. Wabingirishaji hufinyanga donge na kutoka nalo mbio. Wakaaji, ambao wengi ni wadogo, hula na kutaga humo humo, na hufaulu pale tu wakubwa wasipolisambaratisha lundo. Kisha wapo wadowezi, wanaotaga mayai ndani ya akiba ya wengine. Hawa ndio waliotushinda kuwatambua, na naomba mwakani tuwape muda zaidi.

Kwenye mikesha yetu swali lililorudi mara nyingi ni hili: wakigombania donge, nani hushinda? Wengi tulidhani ni mwenye mwili mkubwa. Wanabiolojia Bernd Heinrich na George Bartholomew walilichunguza jambo hili huko huko Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Mbawakawa hutetemesha misuli ya kurukia akiwa chini hadi mwili unapata moto, na mwenye joto zaidi hubingirisha haraka zaidi na mara nyingi humpokonya aliyepoa, hata aliyemzidi ukubwa. Kwangu hili ndilo somo la mwaka. Tangu tulipolijadili, siwezi tena kumtazama mbawakawa aliyetulia juu ya donge nikadhani amepumzika.

Donge likishapatikana, salama yake ni kutoka kwa mstari ulionyooka, kwani anayepinda huweza kujikuta amerudi kwenye lundo lenye waporaji. Ndiyo maana wanasoma jua na mwezi. Na mwaka 2013 mtafiti Marie Dacke na wenzake walionyesha kwamba mbingirishaji aitwaye Scarabaeus satyrus huelekezwa na mwanga wa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani.

Sasa, kama ushindani ni mkali hivi, mbona spishi yenye nguvu haiwafukuzi wengine wote? Baadhi huja mchana na wengine usiku, wapo wa mchanga na wapo wa mfinyanzi, na wapo wanaosubiri kinyesi kichakae kidogo. Mwanaikolojia Ilkka Hanski wa Finland aliongeza jibu ambalo naliona zito zaidi: malundo yametawanyika na hudumu muda mfupi, hivyo mwenye nguvu hujazana kwenye machache na mengine hayafikii, na dhaifu hupona huko. Wapo hata waliohama mlo. Mbawakawa Deltochilum valgum wa misitu ya Peru ametoka katika ukoo wa wala kinyesi, lakini yeye huwinda jongoo.

Baadhi yenu mlipendekeza tuhamishie hapa spishi za mbali, kwa kuiga walivyofanya Australia. Kamati haikuliunga mkono pendekezo hilo. Ng'ombe walifika Australia mwaka 1788, wakati mbawakawa wengi wa huko walikuwa wamezoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu na jamaa zake. Kinyesi cha ng'ombe kikalala malishoni na nzi wakazaliana. Mradi ulioanzishwa na mtaalamu wa wadudu George Bornemissza uliingiza spishi 43 za mbawakawa wa kigeni, zikastawi takriban 23. Pale palikuwa na nafasi tupu. Kwenye malundo yetu sijaona nafasi tupu hata moja.

Kuna jambo lililoniumiza. Usiku mmoja wa mvua tuliacha mitego ya vikopo bila mlinzi, ikajaa maji, na mbawakawa wengi wakafa bure. Lawama ni yangu, kwa kuwa zamu nilizipanga mimi. Kuanzia sasa mtego usio na mtu wa kuukagua hautegwi.

Tumeanza pia kuzungumza na wafugaji kuhusu ivamektini, dawa ya minyoo ambayo hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu ya mbawakawa. Hatuwaombi waache kutibu mifugo. Tunaomba wamtibu mnyama anayehitaji, badala ya kundi zima kwa mazoea.

Mapato na matumizi atayaeleza Mweka Hazina. Kwa wenye madaftari ya mikesha: mrudishieni Katibu kabla hamjaondoka leo, hata yale yenye kurasa zilizolowa. Saa ya kufika kwa kila spishi ndiyo tunayoitafuta humo, nayo hatuna mahali pengine pa kuipata.

Mwenyekiti