Kiwashe tena kijitaa chako

Tanga, 9 Machi

Swahiba wangu Mama Zuhura,

Barua yako nimeipata kwa yule kijana wa basi, na nimefurahi kusikia wote hamjambo. Ila jambo moja limenikaa rohoni. Umekizima kile kijitaa cha kijani cha simu kwa kuwa umeambiwa ndicho kinachokula chaji. Kumbe ndiyo maana wiki nzima napiga na hupokei! Sikio lako la kulia linakusumbua tangu utotoni, mlio wa simu huusikii ukiwa jikoni. Kijitaa hicho ndicho kilichokuwa kikikuambia kuna mtu kakutafuta.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Jana jioni, wateja walipopungua, nilichukua simu kama yako, nikatoa betri, nikaiunga kwenye pawa saplai pale mezani, kile kifaa cha kuipa simu umeme na kuonyesha kiasi inachokula, nikakaa kuangalia namba. Kijitaa kikimweka, inacheza tarakimu ya mwisho tu, kisha inarudi ilipokuwa. Nikawasha kioo: ikaruka mpaka miliampia 260. Kijitaa kinakula miliampia chache, tuseme 5, tena si muda wote. Kikiwaka nusu sekunde katika kila sekunde 5, usiku mzima wa saa 10 kitamaliza mAh 5, yaani kipimo cha chaji ya betri. Betri yako ni ya mAh 3000. Hizo 5, kioo kinazimaliza kwa dakika moja na ushei.

Kinachokumalizia chaji ni mtandao, swahiba. Mnara uko mbali na kwenu, na simu inayoshika mtandao kwa shida hutumia nguvu nyingi kuutafuta, hata ukiwa umeilaza na hujaigusa. Usiku zima data. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa kupiga na kupokea, iweke kwenye 2G, ule mtandao wa zamani. Mwangaza wa kioo nao upunguze. Mara ya mwisho nilipoishika simu yako ulikuwa umejaa mpaka mwisho.

Siku wanao wakikununulia mpya isiyo na kijitaa, wasikuwekee programu ya kuigiza taa juu ya kioo. Baadhi yake haziiachi simu ipumzike, na hizo ndizo za kuogopa.

Najua shilingi 500 za kuchaji simu kwa mwenye sola si pesa ndogo, ukijumlisha na kutembea juani kwenda na kurudi. Usione nimekuandikia mahesabu mengi.

Kiwashe leo. Ingia kwenye mipangilio, halafu arifa, utakiona. Kisha simu iweke juu ya lile sanduku la marehemu mama, unapoweza kuiona ukiwa mekoni. Ijumaa saa 2 usiku nitakutumia ujumbe wa neno moja. Ukiona kijani, nibipu.

Wako,
Fundi