Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: nyumba yetu ya Mtaa wa India, Bagamoyo

Wanachama wenzangu asalaam aleikum, wazee wangu shikamooni, na nyie mlioko Dar na Unguja ambao hamkuweza kufika mkutanoni nawasalimu pia.

Hesabu za fedha mweka hazina ameshamtumia kila mtu kwa hiyo sizirudii hapa, michango imeingia vizuri kuliko nilivyotegemea na wenye madeni tumeshaongea nao mmoja mmoja. Mimi leo naongelea nyumba, mana ndio iliyotula muda na hela mwaka mzima.

Kwa wale wapya, ni ile ya ghorofa moja yenye baraza ndefu mbele, ambayo familia imetukabidhi tusaidie kuitunza na bibi mwenye nyumba bado anaishi upande wa nyuma. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi zama zile misafara ya pembe za ndovu inashuka kutoka bara, chini duka na stoo, juu familia inalala. Alafu 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu Dar es Salaam, biashara nayo ikawafuata pole pole, na mimi naamini kabisa hiyo ndio iliyoziokoa nyumba zetu nyingi. Mji ukishaishiwa hela hakuna anayebomoa ajenge ghorofa jipya, watu wanabaki wanaishi kwenye ile ile ya babu, wanaziba pale panapovuja, maisha yanaendelea.

Mwaka huu tumepima vyumba vyote tena. Ukuta wa chini una unene unaozidi nusu mita, mawe ya matumbawe magumu yale yanayochimbwa nchi kavu, yamefungwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kwenye upinde wa mlango wametumia matumbawe ya baharini, yale mepesi, mana yakitoka majini yanakuwa laini unayachonga unavyotaka, yakishakauka yanakuwa magumu. Chumba cha mbele upana wake haufiki mita 3 lakini urefu unazidi mara mbili ya hapo, na kila mgeni anauliza mbona vyumba vyembamba hivi kama korido. Jibu liko juu, inua kichwa uangalie boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari. Mkoko ulionyooka vizuri unakupa mita mbili na nusu mpaka tatu hivi za kuaminika, ukilazimisha zaidi utapinda, mana juu yake kuna mawe, kuna kokoto na chokaa iliyopigwapigwa siku nyingi mpaka ikashikana, huo ni uzito mkubwa sana. Kwa hiyo fundi wa zamani hakupanga chumba kwa kupenda kwake, mti uliotoka Rufiji ndio ulimwambia chumba kiishie wapi. Mimi kila nikilikumbuka hilo nikaingia mle ndani naiona nyumba kwa heshima nyingine kabisa.

Sasa tatizo la mwaka huu. Masika yalipokolea tukaona dari ya chumba cha nyuma inashuka kona moja, tukafungua, tukakuta boriti 6 zimeoza vichwa pale pale zinapoingia ukutani. Katikati ni nzima, unagonga inalia kama chuma. Tukajiuliza kwa nini kona hiyo tu na sio nyingine, tukatoka nje kuangalia, kumbe ni pale fundi mmoja zamani alipopiga lipu ya simenti kuziba ufa. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, mvua inaingia kidogo, jua likiwaka inatoka. Simenti ukishaipiga juu yake umeufunga mdomo, maji na chumvi ya bahari vinabaki ndani, vinapanda, na vikikuta kichwa cha boriti vinakaa hapo mpaka mti unakuwa unga, na mchwa nao wanapenda sehemu kama hiyo. Nyumba hii hii ilipita mvua za El Niño za 1997 na 1998 bila kushuka dari, sehemu iliyoharibika ni ile tu tuliyoitibu wenyewe kwa dawa mbaya.

Na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nyumba ya marehemu mama yangu ilikwenda hivyo hivyo. Tulimlipa kontrakta akaipiga simenti nje yote, ikapendeza, majirani wakatusifu, baada ya miaka michache lipu ikaanza kubanduka na vipande vya jiwe vimeng'ang'ania nyuma yake. Ukuta ule haupo tena. Ndio mana kwenye mikutano nakuwa mkali mtu akisema simenti ni rahisi na inakauka haraka, naomba mnielewe.

Kazi iliyofanyika: boriti 6 zimebadilishwa, nyingine zote hatujazigusa. Kibali cha misitu kilichukua muda na wengine mlilalamika, lakini mikoko haikatwi hovyo na ni sawa kabisa iwe hivyo. Simenti yote ya ukuta wa nyuma tumeibandua kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, vijana wetu wamejifunza kwa fundi mzee ambaye alishapiga chokaa tangu hajaoa. Alitukatalia kutumia chokaa iliyolowekwa wiki moja, akasema hiyo bado mbichi itapasuka, tukaiacha shimoni miezi, na kweli lipu ile mpaka leo haina hata ufa wa unywele.

Halafu kuna mlango. Mbao zake ni nzima, mlango dume na mlango jike, yaani vipande vyake viwili, mfaa, ule mti wa katikati vinapokutana, umechongwa maua na mnyororo pembeni kwenye miimo, misumari ya shaba imepungua mitatu. Mwaka huu wamekuja watu mara mbili kumpa bibi ofa ya kuununua, mara ya pili walikuja na hela mkononi. Bibi amekataa, Mungu amlipe. Wanachama wenye nyumba jueni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango na fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, na majengo ya kabla ya 1863, na kuutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Mtu akija kwako na maneno matamu kuhusu mlango usimjibu peke yako, nipigie mimi au katibu, hata usiku.

Mwakani nataka tufanye ngazi ya ndani na roshani ya mbele, mbao za roshani zimeanza kulegea upande wa bahari na sitaki mtoto aegemee pale, tumeweka kamba kwa sasa. Shimo la pili la chokaa limeshachimbwa nyuma ya choo cha zamani na tutaanza kuloweka Jumamosi asubuhi baada ya chai, mwenye ndoo na jembe aje navyo, na watoto wasisogee karibu mana ile chokaa ikikutana na maji inachemka.